Meno Yanakudunga Ukigusa Kitu Baridi? Pata Rada Kabla Hujang'oa

Jua la Kikoneni linawaka, koo limekauka, unanunua barafu ya ukwaju kwa yule mama mwenye friji. Unauma kidogo tu. Kitu kama stima kinapita kwa jino, kinapanda mpaka karibu na sikio. Unashika shavu, machozi yanakulenga, na mabeshte wanaangua kicheko.

Kama umewahi kupitia hiyo, story hii ni yako. Na kama ulishaanza kuwaza "hili jino nitaenda kuling'oa tu, yaishe", basi tulia kwanza. Jino linalodunga ukigusa kitu baridi, mara nyingi ni jino hai ambalo bado linaweza kuokolewa. Ukiling'oa, halirudi. Ukijua kwa nini linadunga, kuna uwezekano mkubwa utalinyamazisha bila koleo.

Watu wa Pwani hii kitu wanaijua kitambo. Mtu akila embe bichi mpaka meno yakamshinda, anaambiwa meno yametiwa ganzi. Usichanganye na ganzi ya sindano ya daktari. Ile inazima hisia, lakini hii ya embe inaziamsha mpaka hata upepo unauma.

Kwa nini jino linapiga stima?

Jino lako limejengwa kama nyumba yenye kuta mbili. Ukuta wa nje unaitwa enameli. Ndio kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kinashinda hata mfupa, na hakina hisia yoyote. Chini yake kuna ukuta wa pili, dentini, ambao ni laini zaidi na una rangi ya manjano kidogo. Katikati kabisa kuna kiini cha jino, mahali ambapo damu na mishipa ya hisia inakaa.

Sasa, ile dentini imejaa vijitundu. Vyembamba sana. Unywele wako mmoja ni mnene zaidi ya mara 30 kuliko kijitundu kimoja. Vijitundu hivyo vina maji ndani, na vinaelekea kwenye kiini, kule kwenye hisia.

Enameli ikiwa fiti na ufizi ukiwa umefunika shina la jino, vijitundu vimezibwa. Hakuna noma. Lakini enameli ikiliwa, au ufizi ukishuka, vijitundu vinabaki wazi. Barafu ikigusa, yale maji ya ndani yanasogea ghafla na kuvuta hisia. Sukari nayo inayavuta. Upepo wa boda ukiwa umefungua mdomo, vilevile. Miaka ya 1960, mwanasayansi wa Uswidi aliyeitwa Martin Brännström ndiye aliyeonyesha kwamba ni huko kusogea kwa maji ndiko kunakoleta maumivu. Maelezo yake ndiyo yanayotumika na madaktari wa meno mpaka leo.

Kitu kimoja cha kukumbuka: enameli haioti tena. Nywele zitaota, kucha itaota, ngozi itapona. Enameli ikienda, imeenda. Kwa hivyo mchezo wote ni kulinda iliyobaki na kuziba vijitundu vilivyofunguka.

Na usidhani haya ni mambo ya wazee. Shida hii inapiga zaidi watu wa kati ya miaka 20 na 40. Yaani wewe.

Nani anakula enameli yako?

Hapa ndipo wengi wanashtuka, juu vitu vingine ni vya kila siku.

*Uchachu.* Enameli huanza kuyeyuka mdomo ukishuka chini ya pH 5.5. Ndimu iko karibu 2. Soda ya kola iko karibu 2.5. Sasa piga hesabu ya siku moja ya kawaida hapa kwetu Kwale, kaunti ya maembe, machungwa na ndimu. Asubuhi chungwa. Saa nne embe bichi la pilipili na chumvi. Mchana viazi karai na rojo ya ukwaju. Jioni muhogo wa kukaanga uliokamuliwa ndimu, juisi ya miwa iliyotiwa ndimu, halafu soda ama energy drink ya kushushia. Mnazi uliokaa ukachacha pia umo kwenye hiyo orodha.

Matunda si adui, na hakuna mtu anakuambia uache embe. Shida ni mara ngapi. Mate yako yana kazi ya kurudisha mdomo kwenye hali yake, na yanahitaji kama nusu saa hivi kila baada ya uchachu. Anayekunywa soda yote kwa mkupuo pamoja na chakula anayapa mate nafasi. Anayeipiga funda moja moja kuanzia adhuhuri mpaka magharibi anaziloweka meno zake kwa asidi mchana kutwa. Soda ni ileile, hasara si ileile.

*Mswaki wa nguvu.* Kuna watu wanapiga mswaki kama wanasugua sufuria iliyoungua. Mswaki mgumu, mkono mzito, kulia kushoto, kulia kushoto. Matokeo yake ni ufizi kushuka na jino kuchimbika pale linapokutana na ufizi. Angalia kwa kioo. Ukiona kama mfereji mdogo pale shingoni mwa jino, hasa kwenye chonge na meno yaliyo nyuma yake, umejichimbia mwenyewe. Mtu wa mkono wa kulia mara nyingi huumia zaidi upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko mkono unakopata nguvu.

Mswaki wa mti nao hauna ubaya, ukiutumia vizuri. Utafune ncha mpaka nyuzi ziwe laini, usugue polepole kutoka kwa ufizi kuelekea ncha ya jino, na ukate ile ncha iliyochakaa utumie mpya. Ukiusukuma ukiwa mkavu na mgumu, utakula ufizi vilevile.

*Ufizi mgonjwa.* Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu watu wazima wote, kama 98 katika kila 100, wakiwa na ufizi unaotoa damu. Ufizi unaotoa damu ni ufizi uliovimba kwa uchafu uliokaa. Ukiendelea hivyo unaachana na jino na kushuka, na shina linabaki nje. Shina halina enameli hata kidogo. Hapo ndipo barafu inakupata.

*Muguka na miraa.* Kutafuna upande mmoja masaa mengi kunasugua ufizi wa upande huo, na mdomo unakauka, kwa hivyo mate ya kukuokoa hayapo. Halafu watu wanasindikiza na soda na bigijii yenye sukari. Hiyo ni vita ya wanne dhidi ya jino moja.

*Kusaga meno usingizini.* Ukiamka taya limechoka, au anayelala karibu nawe anasema unasaga kama kinu, meno yako yanakwanguana usiku. Enameli inapungua, na wakati mwingine jino linapata ufa.

*Asidi ya tumbo.* Kiungulia cha kila siku na kutapika, kwa mfano ile ya mimba changa, huleta asidi kali mpaka mdomoni. Dada, ukitapika usikimbilie mswaki. Sukutua kwanza kwa maji, au maji yenye kijiko kidogo cha baking soda, kisha usubiri nusu saa.

*Mitindo ya kung'arisha.* Ule ushauri wa mtandaoni wa kusugua meno kwa ndimu na baking soda, au kwa makaa yaliyosagwa, ni wa kukuingiza mtegoni. Ndimu inalainisha enameli, unga unaikwangua. Meno yatang'aa wiki mbili, kisha ile rangi ya manjano ya dentini itaanza kuchungulia. Umelipa uweupe kwa ukuta wa nyumba. Hata dawa halali za kung'arisha zinaweza kutia ganzi kwa siku chache, ndiyo maana zinafaa kusimamiwa na daktari.

Jipime: ni ganzi tu ama kuna ugonjwa?

Hii ndiyo sehemu ya maana kuliko zote. Dalili inaweza kufanana, lakini saa inasema ukweli. Hesabu maumivu yanakaa muda gani.

Maumivu yakija ukigusa baridi, tamu, chachu au upepo, na yakaisha ndani ya sekunde chache kitu hicho kikiondoka, hiyo inaelekea kuwa ganzi ya kawaida. Mara nyingi yanagusa meno kadhaa, si moja. Hii unaweza kuanza kuishughulikia nyumbani.

Lakini maumivu yakibaki dakika nzima au zaidi baada ya kumeza, au yakija yenyewe bila kuguswa, au yakikuamsha usiku, hiyo si ganzi tena. Kiini cha jino kimevimba. Maumivu ya chai ya moto yanayokaa ni ishara mbaya zaidi kuliko ya maji baridi yanayopita.

Ukisikia kama kisu unapouma kitu kigumu, halafu kinatulia ukiachia, huenda jino lina ufa. Ukiona tundu, au weusi, au chakula kinakwama palepale kila siku, hiyo ni kuoza, na hakuna dawa ya meno ya dukani itakayoziba tundu.

Na hii usiicheleweshe hata kwa siku moja: shavu au chini ya taya kuvimba, homa, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza ama kupumua kuwa kazi. Hayo ni maambukizi yanayosambaa, na yanaweza kuua. Hapo ni hospitali mara hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na ni boda tu inayopatikana.

Mpango wa wiki nne

Kama umejipima na ukaona ni ganzi ya sekunde chache, fanya hivi kwa mwezi mmoja.

1. Badilisha mswaki. Chukua ulioandikwa "soft". Ushike kwa vidole kama kalamu, si kwa ngumi, na uzungushe taratibu pale ufizi unapokutana na jino. Dakika mbili, mara mbili kwa siku.

2. Badilisha dawa ya meno. Hapa kwetu kila dawa ya meno inaitwa Colgate, lakini si zote zinafanya kazi moja. Geuza boksi usome. Tafuta inayosema ni ya meno yenye ganzi, "sensitive", halafu kwenye viungo uone "potassium nitrate", inayotuliza hisia, au "stannous fluoride" ama "arginine", zinazoziba vijitundu. Sensodyne ndiyo watu wengi wanaijua, ila si ya pekee. Cha muhimu pia ni floraidi: kwa mtu mzima tafuta iliyo kati ya 1000 na 1500 ppm. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliweka dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hivyo si urembo.

3. Tema, usisukutue. Wengi wanapiga mswaki kisha wanaosha mdomo kwa vikombe viwili vya maji, dawa yote inaishia kwa sinki. Tema povu, wacha kilichobaki kikae. Usiku, kabla ya kulala, paka kidogo kwa kidole juu ya lile jino linalodunga, na uiache hapo.

4. Subiri nusu saa baada ya uchachu. Umekula embe? Sukutua kwa maji ya kawaida, endelea na maisha yako, mswaki baadaye. Enameli iliyolainishwa na asidi inakwanguka kirahisi.

5. Punguza mara, si lazima upunguze utamu. Chachu na soda zije pamoja na chakula, si katikati ya siku nzima. Tumia mrija kwa soda. Malizia kwa maji au maziwa.

6. Tibu ufizi. Nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu, sukutua mara mbili kwa siku kwa siku kadhaa. Damu ikitoka ukipiga mswaki, usiache kupiga. Punguza nguvu, ongeza umakini.

Dawa hizi hazifanyi kazi usiku mmoja. Zenye potasiamu huchukua kama wiki mbili hadi nne ndipo uanze kuhisi tofauti, na ukiacha, ganzi inaweza kurudi. Msee anayetumia siku tatu kisha anasema "hii ni ya kula pesa za watu" hajaipa nafasi. Ila mwezi ukiisha na bado unashika shavu, usiendelee kununua tyubu nyingine. Unaweza kuwa unazima king'ora huku nyumba inaungua. Nenda ukaangaliwe.

Hizi usijaribu

Kuweka aspirini juu ya jino. Haitulizi jino ikikaa hapo, inachoma ufizi na kuacha kidonda cheupe. Kama ni ya maumivu, dawa humezwa kwa kipimo chake.

Mafuta ya karafuu yanatuliza kweli, kwa muda. Tone moja kwenye pamba, dakika chache, basi. Ukiyamwaga yanaunguza ufizi, na hayajawahi kuziba tundu.

Asidi ya betri, petroli, na "dawa za kuua mdudu wa jino". Hakuna mdudu kwenye jino. Kuna bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi, na hawaonekani kwa macho. Anayekutolea mdudu kwa sahani anakufanyia mazingaombwe.

Majivu na makaa ya jikoni. Ni msasa tu huo.

Antibayotiki za kununua bila kuandikiwa. Ganzi si maambukizi, hazitakusaidia kitu.

Ukienda kwa daktari

Wengi wanaogopa kwa sababu wanaamini daktari wa meno ana kazi moja: kung'oa. Hiyo imani inatoka na ukweli mmoja mchungu. Watu wa mashambani wanafika wakiwa wamechelewa, nauli ni ndefu, na kung'oa ndiyo njia inayomaliza mambo kwa safari moja. Ukikaa Kikoneni, ndani ya kaunti ndogo ya Lunga Lunga, kutoka mpaka barabara kuu kisha uelekee Msambweni si safari ya kutembea na slippers. Ndiyo maana mtu anavumilia miezi sita, halafu anaenda siku ambayo jino limeshaoza mpaka kiini.

Ukienda mapema, kazi ni ndogo. Anaweza kupaka floraidi kali kwenye jino. Anaweza kufunika ule mfereji wa shingoni kwa kijazo cha rangi ya jino. Akikuta kuoza kudogo, anaziba. Akikuta uchafu mgumu umekwama chini ya ufizi, anasafisha. Kama unasaga meno, anaweza kukutengenezea kinga ya kuvaa ukilala. Hata kiini kikiwa kimevimba, kuna matibabu ya mzizi yanayobakisha jino mahali pake. Hiyo ya mwisho ni ghali na inachukua safari zaidi ya moja, kwa hivyo ni nafuu kutofika huko.

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, uulize siku ambazo mtaalamu wa meno anapatikana. Kuna madaktari wa meno, na kuna maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, nao wamesomea kusafisha, kuziba na kung'oa. Hospitali kubwa za kaunti, kama ile ya rufaa ya Msambweni, ndiko utakakotumwa kwa mambo mazito. Ukifika, uliza swali moja kabla ya kufungua mdomo kwa koleo: "Daktari, hili jino linaweza kuzibwa?" Ni haki yako kuuliza, na daktari mzuri atakueleza akionyesha.

Kwa wale wa Ukunda na Diani ambako kliniki ni nyingi, jihadhari na wale wanaobandika meno bandia kwenye saluni. Daktari wa meno halali Kenya amesajiliwa na baraza la KMPDC, na unaweza kutafuta jina lake kwenye tovuti ya baraza hilo. Mtu anayekwangua enameli yako ili akubandikie kitu cheupe bila usajili, anakuachia ganzi ya maisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa jino ufa wenyewe ni mdogo kuliko unywele. Leo usiku, kabla ya kulala, simama kwa kioo na tochi ya simu. Angalia shingo za meno yako, angalia ufizi, tafuta tundu. Halafu kunywa funda la maji baridi na uhesabu sekunde. Zikiwa chache, anza mpango wa wiki nne. Zikiwa nyingi, weka nauli kando na upange safari wiki hii.

Na ukimjua beshte anayekunywa soda kwa upande mmoja wa mdomo, mtumie hii.